Mlima Washington mwezi wa pili, tupo watano: upepo wa kiasi gani ni wa kughairi?

Kibo_hadi_Maine:

Wakuu, habari za majukumu.

Tupo watano, tunaishi Portland na Lewiston hapa Maine. Tunataka kupanda Mlima Washington kule New Hampshire katikati ya Februari, kwenda na kurudi siku moja, tukianzia Pinkham Notch kwa njia ya Lion Head. Wawili wetu wameshafika Uhuru, watatu wamezoea vilima vya kiangazi tu. Mlima wenyewe una mita 1,917, karibu sawa na geti la Marangu, kwa hiyo hewa haitusumbui. Kinachotusumbua ni upepo. Utabiri wa kule juu unataja maili 50, 60 na 70 kwa saa kama mtu anayetaja bei ya nyanya, na nasikia ndiko kuliko na rekodi ya dunia.

Naomba wanaoujua mlima huu watufafanulie: upepo wa kiasi gani ni wa kughairi? Kipi ni lazima kila mtu awe nacho na kipi ni cha kundi zima? Mkiwa marafiki tu bila mwongozaji, mnatembeaje kwenye upepo huo msipoteane? Na maji na chakula mnafanyaje?

Buti na vyuma tutakodi North Conway. Likizo tumeshaomba, Jumamosi moja.

Kaskazi_603:

Mkuu, tatizo lenu la kwanza umeliandika kwenye mstari wa mwisho: "Jumamosi moja".

Wastani wa upepo kileleni kwa Januari ni kama maili 45 kwa saa, na siku kama 110 kwa mwaka upepo hufika nguvu ya kimbunga, yaani maili 74 kwenda juu. Maana yake siku ya kawaida ya winta kule juu tayari iko mpakani kwa watu wenye uzoefu wenu. Ukichagua tarehe miezi kabla, umecheza bahati nasibu, tena siku ikifika mtajilazimisha kwa sababu likizo imeshaliwa. Tengeni siku tatu au nne, badilishaneni zamu kazini, halafu acheni utabiri uchague. Kituo cha hali ya hewa cha kileleni, Mount Washington Observatory, kinatoa kila alfajiri utabiri maalumu wa vilele vya juu. Usomeni jioni ya kuamkia safari, kisha uleule upya asubuhi kabla ya kufunga buti. Utabiri wa simu wa mji wa Gorham au North Conway hauna kazi hapa. Ule ni wa bondeni.

Sasa kiasi. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi. Mtu mzima aliyesimama na begi anaukingia upepo eneo la kama mita za mraba 0.7. Kwa maili 50 (km 80 kwa saa) anasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 20. Kwa maili 70 ni kama kilo 40. Kwa maili 100 ni karibu kilo 80, na hapo hatuongelei kutembea tena, tunaongelea kutambaa. Ndiyo maana utabiri ukisema "50 hadi 70" usipige wastani ukapata 60. Chukua 70, kwa sababu kinachoangusha watu ni ule mkupuo mmoja wa ghafla.

Kwa kundi lenye wageni watatu, mimi ningesema hivi. Chini ya maili 35, nendeni. Kati ya 35 na 45, nendeni mpaka miti inapoishia, mtazame hali, muamue. Juu ya 45, au mikupuo ikitajwa kufika 60, bakini kwenye miti. Wapo watu wanaopanda kwa 60, lakini wameshajua miguu yao inafanyaje.

Na rekodi: maili 231 kwa saa (km 372), tarehe 12 Aprili 1934. Ilikuwa ya dunia mpaka 1996, kisiwa cha Barrow huko Australia kilipopima km 408 wakati wa kimbunga Olivia. Sababu ya kilima kifupi hivi kuwa na upepo huo ni kwamba njia kadhaa za dhoruba zinakutana eneo hili, na safu ya Presidential imekaa kaskazini-kusini, imeukingama upepo wa magharibi. Hewa inapanda, inabanwa kati ya mlima na tabaka la juu, inatoka kwa kasi kama maji ya bomba uliloziba nusu kwa kidole gumba.

Kibo_hadi_Maine:

Asante sana mkuu, hilo la tarehe tumelichukua. Swali dogo: mwenzetu mmoja anasema badala ya Lion Head twende upande wa magharibi kwa njia ya Ammonoosuc, kwa sababu upepo wa magharibi utakuwa mgongoni unatusukuma kwenda juu. Ina mantiki?

Kaskazi_603:

Ina mantiki ya kwenda, haina ya kurudi. Upepo ukiwa mgongoni mnapanda kwa raha, hamjui hasa una nguvu gani. Mnakuja kuujua mkigeuka kushuka: mmechoka, jasho limepoa, na sasa unawapiga usoni njia nzima mpaka kwenye miti. Huo ndio mtego wa upande wa magharibi.

Lion Head iko mashariki, upepo unakuja usoni wakati wa kupanda. Hilo ni jema: kama hamuwezi kuukabili, mtajua mapema, na mkigeuka unawasukuma kuelekea nyumbani. Ila mashariki nako kuna uongo wake. Kuanzia Pinkham mpaka ukingo wa miti mko nyuma ya mlima, kimya kabisa, mnavua makoti, mnapiga picha. Miti inaisha kwenye mita 1,370 hivi, na hata hapo mtelemko bado unawaficha kidogo. Mkitokeza juu ya Lion Head, kwenye mita 1,530, kuingia kwenye uwanda unaoitwa Alpine Garden, upepo wote unawapokea kwa mara moja. Watu wengi hugeukia hapo, na si aibu.

Fundi_wa_Kramponi:

Naomba nijibu la vifaa, maana hapo ndipo naona watu wakidanganyana.

Buti: za kupandia mlima wa barafu, zenye soli ngumu isiyopinda na kitambaa cha joto ndani. Zile za kiangazi hazifai hata ukivaa soksi tatu. Kwa kweli soksi tatu ndizo zitakazokugandisha vidole, kwa sababu zinabana damu. Soksi moja nene ya sufu, vidole vicheze ndani ya buti. Mkikodi, jaribuni na soksi hizohizo mtakazovaa.

Kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti: meno 10 au 12, za chuma cha pua au chuma cha kawaida. Za alumini ni nyepesi lakini juu kule kuna mawe mengi yaliyopulizwa theluji yote, zinaisha meno haraka. Hakikisheni zina kile kibati cha plastiki chini, la sivyo theluji mbichi inagandamana chini ya mguu kama ugali kwenye mwiko na meno hayagusi tena kitu. Zirekebisheni kwenye buti zenu nyumbani, siku kabla, na mfanye mazoezi ya kuzifunga mkiwa mmevaa glovu. Mkia wa mkanda ukibaki mrefu, uchomekeni ndani. Mkia unaoning'inia ndio jino la mguu wa pili linaunasa unaanguka kifudifudi. Kwa sehemu ya chini, mpaka karibu na Hermit Lake (vibanda vilivyo chini ya bonde la Tuckerman), ile minyororo ya mpira yenye meno mafupi inatosha. Ila isiwadanganye mkaendelea nayo juu.

Shoka la barafu, moja kila mtu, sentimita 55 hadi 65. Njia ya winta ya Lion Head inaachana na njia ya Tuckerman, ile kuu ya kutoka Pinkham, kabla ya Hermit Lake na ina kipande kifupi kilichosimama kwelikweli, mizizi na barafu. Kramponi na shoka vaeni na mshike kabla ya kipande hicho, sio katikati yake. Kujizuia kwa shoka ukiwa unateleza hakujifunzwi kwa video. Tafuteni mtelemko mfupi wenye theluji na chini yake uwanda, mkae saa moja mnajiangusha makusudi. Na kamwe msiteleze kwa makalio mkiwa na kramponi miguuni. Jino moja likishika, kifundo cha mguu kinabaki pale na wewe unaendelea.

Nguo ni hivi: vazi la ndani la sufu au sintetiki (pamba hapana, ikilowa haikauki), sweta jepesi, jaketi gumu la kuzuia upepo lenye kofia inayoweza kukazwa, suruali yake hivyohivyo, na koti nene la manyoya ya bata linalokaa juu ya begi kwa ajili ya kusimama. Mzula unaofunika pua na shingo. Miwani ya skii, jozi mbili, maana ya kwanza itaganda kwa ndani. Ukiipandisha kwenye paji la uso ili "ipumue", jasho la paji linaingia ndani na hapohapo inakuwa kioo cha barafu. Ikishavaliwa, inakaa hapo. Glovu jozi tatu: nyembamba za ndani, za kazi, na zile kubwa zisizo na vidole kwa ajili ya hali mbaya. Zote za nje zifungwe kamba kwenye kifundo cha mkono kama za watoto wa chekechea. Glovu iliyopeperushwa Alpine Garden hairudi, na mkono wazi hapo una dakika chache.

Vya kundi: begi moja la kulalia na kigodoro, taa ya kichwani kwa kila mtu na betri za akiba zikae mfuko wa ndani, ramani na dira, GPS, na kile kihema kisicho na fito ambacho wote mnaingia na kukaa chini huku mmekikalia pindo. Hicho cha mwisho watu wanakipuuza. Ndicho kinachowawezesha kubadili glovu, kula na kuamua mambo kwa akili timamu katikati ya upepo.

Msining'inize kitu nje ya begi. Kigodoro kilichofungwa ubavuni ni tanga la jahazi.

Nesi_wa_Nashua:

Naongezea upande wa ngozi, kwa sababu vitabu vingi vya huku vimeandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe.

Kwa nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo wa km 80 kwa saa, mwili unapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 38 chini. Ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda kati ya dakika 10 na 30. Mtaambiwa "angalieni madoa meupe usoni kwa mwenzako". Kwetu sisi doa hilo haliwi jeupe; linakuwa la kijivu, kama ngozi iliyokosa mafuta, likiwa gumu kidogo na linang'aa kama nta. Ni rahisi kulipita. Kwa hiyo msitegemee macho peke yake, ulizaneni: pua unaisikia? Mashavu? Sehemu iliyokuwa inauma kisha ikaacha kuuma ndiyo ya kuogopa. Na tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimerudia kuonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika wanapata majeraha ya baridi zaidi ya wenzao, vidoleni hasa. Si suala la uvumilivu.

Doa likionekana: geukeni mgongo kwenye upepo, wekeni kiganja chenye joto juu yake mpaka hisia zirudi. Vidole vya mkono viingizwe kwapani, vya mwenyewe au vya rafiki. Msisugue, na kile kisa cha kusugua kwa theluji kitupeni kabisa. Kidole kikishakuwa kigumu kama ubao, msikiyeyushe mlimani kama kuna uwezekano wa kuganda tena. Kuganda mara ya pili kunaharibu zaidi ya mara ya kwanza. Shukeni.

Mafuta ya mgando usoni hayazuii baridi. Yanakufanya uhisi ni kama kuna joto, basi. Kuhusu Konyagi ya "kupasha damu", naamini hamkuwa na mpango huo, lakini nimeisoma kwenye uzi mwingine: pombe inafungua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto la ndani.

Mwili wote ukianza kupoa, dalili ya kwanza mara nyingi ni tabia. Msemaji wa kundi ananyamaza, au mtu anakuwa mbishi bila sababu, au anashindwa kufunga zipu yake. Wahenga wa huku wana msemo kuhusu wenye kujikwaa, kugugumia na kuangusha vitu. Mkiona viwili kati ya hivyo kwa mtu mmoja, safari ya kundi zima imeisha. Hakuna "mmoja ashuke peke yake".

Karisimbi_Wetu:

Mimi niongelee kutembea kwenyewe, halafu kamba.

Kwenye upepo, panua miguu, piga magoti kidogo, hatua fupi, meno yote ya kramponi yaguse chini kwa pamoja. Shoka liwe mkono wa upande wa juu wa mtelemko, kichwa chake ndani ya kiganja, mchi umechomekwa kwenye theluji kabla hujainua mguu. Mkupuo ukija, chuchumaa, egemea shoka, subiri. Ukipungua, tembea. Kosa la wageni ni kuuegemea upepo kama ukuta: unakata ghafla, ukuta unaondoka, unaangukia ulikokuwa unaegemea. Fimbo za kutembelea ni nzuri chini kwenye miti. Juu ya miti upepo unaziyumbisha na kuziingiza katikati ya miguu, bora zifungwe kwenye begi na mshike shoka.

Hamtasikiana. Hata mtu wa mita 3 mbele hasikii. Kubalianeni alama za mikono kabla hamjaondoka gari: simama, geuka, nina baridi, sawa. Anayetangulia ageuke kila dakika chache kuhesabu watu watano, na wa nyuma awe mmoja wa wale wawili wenye uzoefu. Mwendo ni wa aliye mzito kuliko wote. Hapo pole pole ya Kilimanjaro inafaa, lakini kwa sababu nyingine: ukitoka jasho chini kwenye miti, jasho hilo ndilo litakalokugandisha juu. Anzeni mkisikia baridi kidogo.

Kamba: wapo watakaowaambia mjifunge kamba wote watano "msipotezane". Msifanye hivyo kama hamjui kuifunga kamba kwenye kitu imara. Kwenye mtelemko, mmoja akianguka anawavuta wanne. Kamba isiyoshikwa na kitu inageuza ajali ya mtu mmoja kuwa ya wote.

Ukungu: marundo ya mawe yanayoonyesha njia yanavikwa barafu mpaka yanafanana na kila kitu kingine. Makutano ya njia ya Lion Head na njia ya Tuckerman yako kama mita 600 za kutembea kutoka kileleni. Wakati wa kushuka mkiyapita bila kuona, njia ya Tuckerman inaendelea na kuwapeleka kwenye ukingo wa bonde la Tuckerman, ukuta wa theluji. Wekeni alama ya GPS pale wakati wa kupanda, na andikeni uelekeo wa dira kwenye karatasi, maana simu kwenye baridi hiyo inazimika ikiwa na asilimia 40. Ikae kifuani ndani ya sweta.

Upepo huohuo wa magharibi ndio unaokomba theluji juu na kuimwaga kwenye mabonde ya Tuckerman na Huntington. Siku mbili za upepo bila tone la theluji mpya zinatosha kutengeneza poromoko. Someni taarifa ya Mount Washington Avalanche Center kila siku ya safari, na msikatishe njia kupitia mabonde hayo. Pinkham kuna ubao unaoonyesha kama njia ya winta ya Lion Head imefunguliwa, kwa sababu ile ya kiangazi ndiyo inayopita chini ya maporomoko.

Fundi_wa_Kramponi:

Nakubaliana na Karisimbi_Wetu, isipokuwa kwenye fimbo. Kati ya ukingo wa miti na Lion Head, siku ya utulivu, fimbo moja na shoka moja ni sawa. Mengine yote niko na wewe.

Kibo_hadi_Maine:

Bado maji na chakula, wakuu. Na je, kileleni kuna mahali pa kujikinga? Naona picha za majengo.

Kaskazi_603:

Majengo yapo, yamefungwa kwa umma winta nzima. Msiyaweke kwenye hesabu. Kilele ni nusu ya safari, na kule juu kituo kilipima nyuzi 44 chini ya sifuri usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 2023, baridi ya upepo ikafika 78 chini. Hakuna mtu wa kuwafungulia mlango.

Maji: mifuko yenye mrija haifai, mrija unaganda nusu saa ya kwanza. Chukueni chupa za mdomo mpana, lita 2 kila mtu, mjaze maji ya moto asubuhi, mzivishe soksi na kuzilaza kichwa chini ndani ya begi. Barafu huanzia juu, kwa hiyo itakuwa kwenye kitako na mdomo utafunguka. Juu ya hapo, thamosi ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi. Chakula ni cha kutafunwa kwa mkono wenye glovu, kidogo kidogo, kila nusu saa: korosho, karanga, jibini, chapati iliyokatwa vipande vya mdomo mmoja na kupakwa siagi ya karanga. Tende na zile chokoleti za mazoezi zinakuwa mawe. Zikae mfuko wa ndani au mziache.

Muda: kilomita 13 kwenda na kurudi, kupanda mita 1,300, mhesabu saa 8 hadi 10. Jua la katikati ya Februari linazama kama saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Mkiondoka Pinkham saa kumi na mbili asubuhi, saa ya kugeuka iwe saa saba mchana, popote mlipo, hata kilele kikiwa kinaonekana. Iandikeni kwa saa ya simu, 1:00 PM, kila mtu kwenye karatasi yake. Nyinyi ni watano na nina hakika wawili wenu wanasoma saa kwa Kiswahili. "Saa saba" isije ikawa ubishi Alpine Garden.

Na kila mmoja anunue kadi ya Hike Safe ya jimbo la New Hampshire, dola 25 kwa mtu au 35 kwa familia. Bila hiyo, ukiokolewa na ikaonekana ulizembea, jimbo linaweza kukudai gharama. Uzembe wa makusudi kadi haiufuniki hata ukiwa nayo.

Karisimbi_Wetu:

Siku ikikataa, msirudi Lewiston moja kwa moja. Mlima Pierce kwa njia ya Crawford Path ni kilomita 5 kwenda, uko kwenye miti karibu njia nzima, na mita chache za mwisho zinawapa upepo wa kutosha kujaribu miwani, glovu na zile alama za mikono. Mkishindwa kufunga kramponi pale, mtashindwa na Lion Head.

Kibo_hadi_Maine:

Tumekubaliana: siku nne zimetengwa, Pierce kwanza wikiendi ijayo, kizingiti ni 45. Mwenzetu wa Ammonoosuc amekaa kimya. Naomba tu mtu anielekeze urefu wa kamba za glovu, zipite ndani ya mkono wa jaketi au nje?

Fundi_wa_Kramponi:

Nje. Kitanzi kizunguke kifundo cha mkono juu ya mkono wa jaketi, kiwe na urefu wa kuiacha glovu ining'inie bila kufika kwenye kramponi ukiinama. Ikipita ndani, kila ukivua glovu unaingiza theluji kwenye jaketi.

Kibo_hadi_Maine:

Pamoja sana.